Vidole vya Njiti

Dada yake Njiti alikuwa nje ya nyumba ya wageni, boneti la gari limefunguliwa, akijaza maji kwenye rejeta kwa chupa ya soda, mdogo wake alipotoka na mswaki mdomoni kumwonyesha kidole gumba kilichoota asubuhi ile.

"Hebu kitazame," Njiti alisema.

Dada alifuta mikono kwenye suruali, akakitazama. Kilikuwa kifupi na kinene, ukucha wake mweusi nusu, umewahi kupasuka katikati na kupona vibaya. Katika mkono ule mwembamba kilikaa kama mgeni aliyejikaribisha mwenyewe kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Hicho ni cha baba," alisema.

"Naona."

"Kinapiga?"

"Sijakijaribu kwenye gitaa. Nimeanza na meno."

Kuota kwenyewe hakukuwa habari. Miaka ile Njiti alipokuwa kwenye kundi, alisimama nyuma ya mwimbaji, na hakuna shabiki aliyetaka chochote kutoka kwake. Alitoka kundini kwa sababu mwimbaji alikuwa na tabia ya kusalimia watu katikati ya solo zake. Akarekodi albamu yake ya kwanza ya peke yake katika chumba kilichokuwa juu ya duka la matairi, mablanketi yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele za mtaani. Zilikuwa nyimbo za roki, lakini roki ya mtu mpole, na walioinunua walikuwa ndugu, jamaa na wale walioona haya kukataa. Damu nzito kuliko maji: dada yake aliacha kazi ya kusambaza mikate, akachukua usukani wa gari la ziara.

Katika mji wa kwanza watu walipiga soga tangu wimbo wa kwanza. Katikati ya wimbo wa nne, mwanamke mwenye duka la maua alipanda jukwaani, akashika kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Njiti, akakikata kwa mkasi wa kazi yake, akashuka nacho. Njiti aliumia sana, akapiga kelele, akamalizia wimbo kwa vidole vilivyobaki. Ukumbi ulinyamaza kwanza, kisha watu wote wakasimama. Kesho yake asubuhi kidole kilikuwa kimeota tena, chekundu na laini kama cha mtoto mchanga, na kufikia mchana kilishaota sugu za nyuzi. Katika mji wa pili watu walikuja na mikasi yao.

Promota hakuwa mtu wa kulalia fursa. Aliweka utaratibu: kidole kimoja kwa kila onyesho, ili mpigaji abaki na vya kupigia, na foleni ianzie kulia kwa jukwaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hiki kilijaza kumbi. Mabaunsa waliwapiga kwa miguu ya meza wale walioruka foleni, na wengine waliondoka wamevunjwa mbavu, wakiahidi kurudi. Dada alisimama kando na pamba, bandeji na chupa ya spiriti. Alimfunga Njiti kidonda, kisha akapangusa damu kwenye gitaa kabla haijaganda chini ya nyuzi, maana ikiganda huko sauti inafifia.

Sasa kilikuwa kimekuja kidole cha baba. Baba yao alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na majirani walikuwa na utani wao kwamba fundi ananyoosha magari mchana na familia jioni. Ulikuwa utani wa kucheka kwa sauti, hata mbele yake, naye alicheka nao. Mama yao alikuwa hasikii vizuri upande wa kushoto kwa sababu ya kofi moja. Kiwiko cha dada hakijanyooka mpaka leo. Wote watatu waliijua mikono ile kuliko walivyoujua uso wake, kwa kuwa usoni hawakuthubutu kumtazama. Alikuwa amekufa zamani, kwa maradhi ya kawaida, na mazishi yake yalijaa watu.

Jioni ile kidole kilipiga. Sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa ya Njiti. Nyuzi mbili zilikatika, taa moja ikapasuka, na watu wa mstari wa mbele wakatokwa na damu puani huku wakidai tena na tena. Mtangazaji mmoja wa redio alisema hatimaye Njiti amejipata. "Chanda chema huvikwa pete," alisema, akaucheza wimbo ule mara tatu mfululizo. Tangu hapo kila kidole kilichokatwa kilirudi kikiwa cha baba, na ziara ilipoisha, Njiti alikuwa amebakiwa na kimoja tu cha kwake mwenyewe.

Walipoingia studio kurekodi albamu ya pili, fundi mitambo alisema gitaa limeshuka kidogo. Mkono wa kulia wa Njiti ulimpiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yaligonga kioo cha studio, na mlio wake ukaingia kwenye rekodi. Promota aliusikiliza, akaagiza usiondolewe.

Njiti alikwenda kutafuta barafu, akaileta imefungwa kwenye taulo. "Si mimi, kaka," alisema. "Ni hii mikono."

Fundi mitambo, pamba imejaa mdomoni, alisema haina neno, sanaa ina gharama zake.

Albamu ile ilifika hata mahali ambapo hawakuweza kulitamka jina la Njiti. Ziara ya pili ilikuwa ya viwanja, si kumbi tena. Mpiga dramu alivunjwa pua kwa kuchelewesha mdundo. Karani wa hoteli alisukumwa, akaanguka ngazi nzima. Kila mara Njiti alilia kweli, akaleta barafu, na kila mara aliyepigwa akaomba wapige picha pamoja. Dada alikuwa akiyaona yote hayo, akiendesha gari na kuhesabu kwamba kwake hayatafika, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

Yalifika siku aliyokosea njia panda. Mkono wa Njiti uliinuka kutoka gotini na kumpiga taya, gari likaacha barabara, likaingia mtaroni likiwa na spika zote.

"Dada, si mimi! Wallahi si mimi!"

"Baba naye alikuwa akisema hivyohivyo," dada alijibu, akitema damu dirishani.

Walisaidiwa kulitoa gari na wapita njia walioitambua ile mikono na kuomba kuishika. Dada alisimama kando ya barabara. Alimwogopa mdogo wake. Ilikuwa hofu ileile ya utotoni, ya kusikiliza funguo mlangoni na kukisia jioni itakuwaje, na alichukia kwamba bado ilimkaa vizuri hivyo, kama nguo ya kupimiwa.

Ziara iliwapitisha kwao. Mama aliwakaribisha, akaweka chai mezani. Njiti alinyoosha mkono kuchukua sukari, na mama akainamisha kichwa ghafla, akakinga sikio zima, kabla hajaangalia ni nani. Kisha akajiinua pole pole. Akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kama anakagua kitambaa dukani.

"Umeutoa wapi?"

"Umeota, mama. Ni wa baba."

"Huu si wa baba yenu," mama alisema. "Huu ni wa mkwe wangu, babu yenu. Baba yenu aliponioa alikuwa na vidole kama vile vyako vya zamani. Alikuwa akinisuka nywele. Aliporithi gereji ndipo vikaanza kubadilika, kimoja kimoja, bila hata kukatwa."

"Mbona hukuwahi kutuambia?" dada aliuliza.

"Ningemwambia nani jambo ambalo kila mtu analiona?"

Walikunywa chai. Chai ilipokwisha, Njiti alisema magugu hayakatwi majani, yang'olewe, na hii mikono sasa ikatwe yote, chini kabisa, kwenye kifundo. Huenda huko chini kuna yake. Alisema hayo akimtazama dada yake, na mikono ilikuwa imekunja ngumi juu ya meza wakati anasema.

"Nitakuumiza," dada alisema.

"Niumize."

Asubuhi walikwenda gereji, nyuma ya nyumba, ambako zana za baba zilikuwa bado zinaning'inia ukutani. Dada aliubana mkono wa kwanza kwenye jiliwa la chuma, akakaza mpaka ukaacha kupapatika, akachukua msumeno. Mama alishika beseni, akamwambia asiende haraka, msumeno utapinda. Njiti alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Majirani waliosikia walidhani gereji imefunguliwa tena, na mmoja alikuja kuulizia mlango wa gari lake.

Mkono wa pili ulipoanguka kwenye beseni, ulidaka aproni ya mama na kuivuta. Mama aliutazama kidogo. Kisha akachukua nyundo ya baba ukutani, akaupiga, akaupiga tena, akaupiga mpaka mifupa ikawa uji na damu ikamrukia mpaka kwenye miwani. Hakuwa amewahi kuurudishia hata mara moja. Alipomaliza alirudisha nyundo msumarini, akasema mgongo unamuuma.

Kabla ya saa za chakula cha mchana mikono ilikuwa imeota. Ilikuwa myembamba, vidole virefu, vyekundu na laini, vya Njiti mtupu. Dada alivishika kimoja kimoja. Alifurahi mpaka akacheka peke yake, akamkumbatia mdogo wake bila kuangalia kwanza mikono yake iko wapi. Njiti alichukua gitaa bila hata kulichomeka, akaketi kizingitini, akampigia mama wimbo wa albamu ya kwanza, upande wa sikio linalosikia. Mama alilia, naye akasema wazi kwamba analia.

Jioni uwanja wa kwao ulifurika. Jua lilikuwa bado halijazama, na kutoka jukwaani dada aliwatambua watu wengi: muuza duka, fundi cherehani, mwalimu wao wa darasa la tatu. Njiti alianza kupiga. Watu walisubiri. Wimbo ulikwisha, wakapiga makofi ya adabu, wakaendelea kusubiri. Katika wimbo wa pili filimbi zikaanza, na katika wa tatu chupa ilimpiga Njiti kwenye paji la uso.

"Lete ile mikono!" watu walipiga kelele. "Ya fundi! Lete ya fundi!"

Walikuwa wameitambua. Walikuwa wameitambua tangu siku ya kwanza waliposikia redioni, wakajivunia.

Promota alisogea ukingoni mwa jukwaa. "Bwana, watu wametoka mbali," alimwambia Njiti kwa upole. "Usiwafanyie hivi."

Njiti alitikisa kichwa, akaendelea kupiga. Ndipo mabaunsa, ambao siku zote walilinda foleni, wakapeana ishara na kukaa pembeni. Watu walipanda kutoka pande zote na mikasi ya bati, koleo na visu vya jikoni. Walimwangusha chali juu ya gitaa lake. Dada alishika stendi ya maikrofoni, akavunja mkono wa mmoja, akapasua kichwa cha mwingine, kabla hajanyang'anywa na kupigwa nayo kifuani. Alipokuwa chini akitafuta pumzi, mwalimu wa darasa la tatu alimkalia miguu.

"Tulia, binti," mwalimu alimwambia. "Usituharibie."

Safari hii hawakujali utaratibu wa kidole kimoja. Walikata, wakagombania, wakachomana visu kwa ajili ya kilichokatwa, na damu ikatiririka mpaka kwenye nyaya, spika zikaanza kunguruma. Njiti alipigana. Alirusha mateke, aliuma, alimwita mama. Vilipobaki vidole viwili, dada alimwona akiacha kuvuta mkono. Aliufungua mwenyewe, akawanyooshea.

Asubuhi vyote kumi vilikuwa vimeota. Dada alimkuta mdogo wake amekaa kitandani, mikono minene imelala mapajani, ukucha mweusi wa gumba ukiwa mahali pake. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini alikuwa ametulia, kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama ameviona?" dada aliuliza.

"Ameviona. Ameniwekea bandeji kwenye begi."

Walipakia spika mpya ambazo promota alikuwa ameleta. Njiti alibeba iliyo kubwa kuliko zote kwa mkono mmoja, akaisukuma ndani, akafunga mlango. Kisha akaingia mbele na kukaa pembeni ya dada yake, ambaye mbavu zake zilikuwa zimefungwa kwa shuka.

"Dada."

"Mm."

"Naomba unisamehe mapema."

"Kwa lipi?"

"Kwa la huko tuendako."

Dada aliitazama mikono ile. Akasema amesikia, akamwambia afunge mkanda, kisha akawasha gari, maana viwanja vyote vilivyobaki vilikuwa vimeshajaa.