Kigari Chepesi cha Agnela

Ukitaka kumjua vizuri mwanamume aliyekuoa, nenda naye sokoni kutafuta kitu chepesi.

Mume wangu Ndesanjo anauza spea za magari, ana duka lake hapa Arusha mjini. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na kila aina ya mzigo ukaanza kuingia nchini, yeye ana kipimo kimoja tu cha kujua orijino na feki: uzito. Beringi ataiweka kiganjani, afumbe macho, aipandishe na kuishusha. Ikiwa nzito, orijino. Ikiwa nyepesi, feki, irudishe ulikoitoa. Kwa beringi sina ugomvi naye, ndizo zinazotulisha. Lakini mwanamume huyu hupima hivyo hivyo sufuria, viatu na mikate. Siku alipokuja kuniona hospitali nilipojifungua, alimpokea mtoto kwa nesi, akafumba macho, akampandisha na kumshusha, akasema, "Huyu orijino." Manesi wakacheka. Mimi nilikuwa na mshono tumboni, sikuwa na hali ya kucheka.

Mshono wenyewe ndio ulionipeleka sokoni. Ulifumuka, nikashonwa tena, na daktari akanikataza kufunga mtoto mgongoni na kunyanyua vizito mpaka atakaponiruhusu. Dada wa kazi naye alikwenda kwao kula Krismasi, hakuonekana tena. Na mimi nilikuwa na safari isiyongoja. Mama yangu, kule kwetu Akheri, aliteleza mferejini mvua za El Nino zilipoanza, akaumia nyonga, na tangu siku hiyo hakutoka nje ya ua wake. Mjukuu wake alikuwa hajamtia machoni. Akanitumia salamu: Agnela abatizwe kule kule, kanisani kwetu, naye awepo. Hakuomba kingine.

Kufika kwake kanisani kulikuwa mikononi mwa jirani yake Reginald, mwenye pikapu, aliyeahidi kumpeleka. Kufika kwangu mimi kwa Mama, siku ya ubatizo na siku nyingine zote ambazo Ndesanjo yuko dukani, kulihitaji kigari cha kusukumia mtoto. Kiwe chepesi. Nikikunje mwenyewe, nikipakie mwenyewe kwenye daladala, nishuke nacho Tengeru bila kumwomba mtu msaada. Neno hilo "chepesi" nililisema pale nyumbani mpaka likanichosha.

Basi tukaenda soko la Kilombero, kwa wauza mitumba. Mwenye kibanda, mtu mzima mmoja anaitwa Dismasi, alikuwa amevining'iniza vigari vya Ulaya kwa kamba, vya kila rangi. Akashusha kimoja cha bluu. Akakikunja, kikawa kama mwavuli. Akakikunjua.

"Shika, mama," akasema.

Nikashika. Kwa vidole viwili! Nilitaka kumkumbatia yule baba wa watu.

Ndesanjo akakichukua. Akafumba macho. Mimi moyoni nikasema, haya, tumekwisha.

"Hamna kitu hapa," akasema.

"Ndiyo uzuri wake, bosi," Dismasi akamjibu.

"Ndugu yangu, hii ni hewa. Umening'iniza hewa unauza."

"Baba Agnela," nikasema taratibu, maana watu walishaanza kutusikiliza, "si tunatafuta chepesi?"

"Chepesi, sawa. Lakini chepesi kilicho kizito kidogo."

Jamani! Chepesi kilicho kizito kidogo! Hebu niambieni, kitu hicho kinapatikana soko gani? Dismasi wa watu akakuna kichwa. Ndesanjo akainama kuvigonga vigurudumu kwa kucha. "Ona. Vifuniko vya soda. Rahisi ghali, Mama Agnela. Rahisi ghali."

Ikawa kama nimeitisha mkutano. Mama muuza nyanya wa pembeni akauliza kwani migongo imekwisha siku hizi, mpaka mtoto asukumwe kama gunia la vitunguu. Nikamwambia mgongo ninao, na mshono ninao, anataka niufunue auone? Mwingine akasema cha rangi ya bluu ni cha watoto wa kiume. Mwingine, ambaye sijui hata alitokea wapi, akasema mpwa wake alinunua cha hivyo kikajikunja mtoto akiwa ndani. Ndesanjo akageuka kunitazama, unaona? Agnela naye akaanza kulia, maziwa yakanilowanisha blauzi, jua linawaka, tumbo linavuta. Nikaona sasa nitatukana mtu.

Nikampa Ndesanjo kile cha bluu mkononi. "Chukua hiki. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Hiki."

Nikachukua teksi nikarudi nyumbani kunyonyesha. Kosa langu ndilo hilo. Mwanamume huyo ukimwacha peke yake na vitu vizito ni sawa na kumwachia fisi bucha.

Jioni nikasikia kelele getini. Nikachungulia. Ulikuwa mkokoteni, na wanaume wawili wanaukokota wanatoka jasho, na juu yake kigari cha mtoto. Nasema tena mnisikie vizuri: kigari cha kusukumia mtoto, kimesukumwa na wanaume wawili. Kilikuwa cha zamani, chuma kitupu, chenye magurudumu makubwa ya spoku na springi nene chini. Ndesanjo alikuwa anatembea nyuma yake anatabasamu.

"Cha Mwingereza hiki," akasema. "Gusa. Gusa hicho chuma."

"Baba Agnela, hiki ni kigari au ni trela?"

"Mwanangu hasukumwi juu ya hewa."

"Na mimi nitakinyanyuaje? Kwa mshono upi?"

 Hilo hakuwa amelifikiria. Anafikiria chuma, atamfikiria mtu saa ngapi? Nililia chooni kwa hasira, nikanawa uso, na sikumsemesha tena mpaka Jumamosi.

Jumamosi tulikifunga juu ya Peugeot yake kwa mipira ya kufungia mizigo, paa likabonyea. Tengeru ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa mpaka barabarani, na kila tuliposimama mtu alichungulia dirishani kuuliza kama lile dude linauzwa. "Haliuzwi," Ndesanjo anajibu kwa fahari. Nikatazama pembeni. Tulipoacha lami na kupanda kuelekea Akheri, tukakuta mvua imebomoa kidaraja cha chini ya kwetu, umebaki upenyo wa mtu na ng'ombe. Tukaacha gari kwa watu, tukashusha kigari, tukamlaza mtoto humo. Tope la mlimani kwetu mnalijua, linavua mtu viatu. Kigari kikapita. Ndesanjo akanitazama, nikamwambia atazame njia.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika blanketi. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Mlete." Nikamweka Agnela mapajani pake, akamfunua miguu, akahesabu vidole kama anavyofanya kwa wajukuu wote, akacheka peke yake. Nilikuwa nimesahau kicheko kile.

Ndesanjo alisimama mbali, kwenye migomba. Mama yangu ni wa zamani. Kwake yeye, mkwe wa kiume ni wa kuheshimiwa kwa mbali: hamgusi, hali naye, hasemi naye uso kwa uso. Tangu nilipoolewa hajawahi kumsemesha Ndesanjo. Husema, "Mwambie mkwe wangu aketi," na mkwe wake yuko pale pale, anasikia, na kiti ameshakiona. Na Ndesanjo naye ananiambia, "Mwambie Mama nashukuru." Mimi katikati kama opareta wa simu.

Jumapili asubuhi Mama alikuwa tayari kabla yetu sote. Kitenge cha kanisani, kilemba, Biblia mapajani, uso umepakwa mafuta. Tukangoja pikapu. Kengele ya kwanza ikalia. Hatimaye akatokea Reginald, kwa miguu, anajikongoja na fimbo yake, maana bila pikapu yule naye ni mzee tu wa mkongojo. Akasema pikapu iko chini, ng'ambo ya kidaraja, amejaribu kila upenyo, gari halivuki. Kumbeba Mama mgongoni haiwezekani, nyonga haikubali. Vijana wa kumbeba kwa kiti walishatangulia kwaya.

"Nendeni," Mama akasema. "Mtoto asichelewe. Mtakuja kunisimulia."

Akaanza kufungua kilemba. Nikashindwa. Nikalia pale pale uani, nikailaani mvua, nikalilaani daraja, nikamgeukia na Ndesanjo kumwambia yake, lakini hakuwepo. Alikuwa nyuma ya nyumba. Nikasikia spana.

Alirudi akisukuma kigari. Alikuwa amekitoa paa na kitanda cha mtoto, amefunga ubao wa zizini juu ya chuma, akautandika blanketi.

"Mwambie Mama apande," akasema.

"Mwambie mkwe wangu mimi si mtoto mchanga," Mama akasema.

"Mwambie Mama chuma hiki kinabeba hata injini."

"Mwambie mkwe wangu sijapata kuona mtu anabebwa na mkwe wake. Ni aibu."

Ndesanjo akatazama chini. "Mwambie sitamgusa. Nitashika chuma, basi."

 Kengele ya pili ilikuwa bado. Akakitazama kigari, akamtazama Agnela. Kisha akafunga tena kilemba chake.

Tukamwita mke wa Reginald, akamshika miguu, mimi nikamshika kiuno, na Ndesanjo akageukia migomba mpaka tulipomaliza. Tukamnyanyua mara moja, akawa juu. Mshono wangu haukuuma hata kidogo. Nikamshukuru Mungu.

Tukampa mtoto ampakate, tukaondoka. Njia ya kanisani inapanda. Ndesanjo kwa shati jeupe na tai, anasukuma. Mimi pembeni na mwavuli, namwongoza: kushoto, shimo, hapo hapo, we baba huoni? Mama wima juu ya ubao, kamkumbatia mjukuu wake, anatazama mbele. Pale penye mwinuko mkali magurudumu yakazama. Ndesanjo akasukuma, akateleza, kiatu kikabaki topeni. Akasimama, anahema. Nikaona ndiyo basi.

Kengele ya pili ikaanza kulia.

"Baba Agnela," Mama akasema. "Sukuma, baba. Tunachelewa."

Hakuniambia mimi nimwambie. Alimwambia yeye. Ndesanjo aliganda, nami niliganda na mwavuli wangu. Halafu akainamisha kichwa, akavua na kiatu cha pili, akasukuma. Kikatoka.

Tulipoingia kanisani watu wote waligeuka. Kigari kilipita katikati mpaka mbele, kinaacha tope kwenye sakafu, na Mchungaji akangoja. Mama ndiye aliyemshika Agnela kwenye maji. Mtoto hakulia. Tuliolia ni sisi wengine, na nusu ya kwaya.

Jioni tuliagana. Kigari tulikiacha, Mama kakitaka, anasema Jumapili ijayo vijana watamsukuma. Tukashuka kwa miguu mpaka kwenye gari. Nilijua linalokuja. Ndesanjo angenisimulia chuma cha Mwingereza mpaka nyumbani, na mwezi mzima baadaye, na mbele za wageni.

"Haya, sema," nikamwambia tulipoketi. "Umenishinda. Sema orijino ni nzito, tuyamalize."

 Alikuwa ameviweka viganja juu ya usukani, vimechubuka, anavitazama.

"Pale mlimani nilikuwa nasukuma chuma," akasema. "Mimi najua uzito, kazi yangu ni hiyo. Nilisikia chuma. Nikasikia na mtoto. Mama sikumsikia."  "Mama ni mwepesi, Ndeshi. Ni mwepesi mno."

Huwa haniiti kwa jina langu, Ndeshi; mimi kwake ni Mama Agnela. Nikakumbuka kile kiuno asubuhi mikononi mwangu, na mshono usiouma. Kumbe haukuwa mshono uliopona, ni Mama aliyekwisha mwili.

"Zima gari," nikasema.

Hata hakuwa ameliwasha. Tukashuka, tukafunga milango. Akampokea Agnela mikononi mwangu, safari hii bila kumpima, tukaanza kupanda kurudi kwa Mama.