Nyuki wa Ukutani

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Lilimfanya ajione bado wa mama, hata sasa ambapo mama alikuwa nchi za watu, ameajiriwa kumtunza bibi kizee wa familia nyingine.

Kwenye ukuta wa chumba cha mama, chini ya dirisha, palikuwa na kijishimo chenye mdomo wa nta, mwembamba kama mrija. Humo waliishi nyuki wadogo weusi, wale wasiouma, ambao mgeni huwadhania visubi. Mama aliwapenda kupita kiasi. Siku ya safari, mizigo ikiwa mlangoni, alirudi ndani kuwaaga, kisha akamwambia binti yake, "Nikirudi niwakute." Kitinda alilibeba neno hilo kwa namna yake. Moyoni mwake likawa: wakiwepo, mama atarudi.

Kila Jumapili mama alipiga simu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Hapo maneno yalimwishia, maana hakuwa msemaji. Basi aliisogeza simu kwenye kijishimo ili mama asikie mvumo wa nyuki wake. Mama alitulia tuli huko aliko. Kitinda alisimama mkono ukimfa ganzi, akiwaonea nyuki wivu kidogo, lakini alishukuru kwamba walikuwa na la kusema.

"Wifi yangu naye," shangazi alikuwa akisema kutoka chumba cha pili, ambako alishona nguo za watu. "Wenzake wanapiga simu kusikia habari, yeye anasikiliza wadudu."

Miaka yote uani hapakuwa na ugomvi. Nyuki wakubwa, wenye miiba, walitoka kwenye pango la mti wa jirani alfajiri na kuvamia alizeti. Wadogo walingoja jua lipashe ukuta, ndipo wakatoka mmoja mmoja kwenda kwenye viua vya magugu, vidogo kama punje za mchele, ambavyo mkubwa hakuona haja ya kuviinamia. Kila mmoja alikuwa na saa yake na sahani yake.

Mwaka huo mvua ilikata mapema. Alizeti zikainamisha vichwa, zikakauka. Wakubwa wakashuka kwenye magugu, na kwa kuwa wao ni watu wa alfajiri, wadogo walipotoka walikuta pameshafagiliwa. Kitinda aliwaona wakirudi miguu mitupu, bila ile chavua ya manjano. Roho ikamuuma. Akakoroga sukari kwenye maji, akaiweka kwenye kisahani dirishani.

"Umefungua hoteli?" shangazi aliuliza.

"Ya hawa wadogo tu."

"Na umewaambia wakubwa kwamba ni ya wadogo tu?"

Kitinda alicheka. Asubuhi iliyofuata, kabla ukuta haujapata joto, mkubwa mmoja alitua kwenye kisahani, akanywa, akaenda kuita ukoo wake. Wakaja kama wageni wa harusi. Kisahani kilipokauka hawakuondoka. Walifuata harufu ya asali mpaka kwenye kijishimo. Wadogo walitoka kupigana. Hawana mwiba, hivyo waling'ata mabawa na kupaka gundi miguuni mwa adui. Wawili walimng'ang'ania mkubwa mmoja mpaka wote watatu wakaanguka. Kitinda alikimbia kutafuta kitambaa cha kuziba, akaumwa shingoni na mkononi, na alipoziba, wakubwa wengi walikuwa wameshaingia.

Jioni alifagia maiti, kubwa na ndogo pamoja. Kesho yake alizibua. Hakutoka mtu. Mdomo wa nta ulikuwa umevunjika, na siku zilizofuata hakuja wa kuutengeneza. Alikuwa akiweka sikio ukutani na kusikia damu yake mwenyewe tu.

Jumapili simu ililia. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula.

"Haya, nipe wanangu," mama alisema.

Kitinda alitaka kusema. Lakini mkono, kwa mazoea, ukaipeleka simu ukutani. Alifumba macho, sikio karibu na simu, akingoja mama aseme hasikii kitu.

"Aa," mama alisema polepole. "Leo wamechangamka. Huko kuna maua mengi, eeh?"

Kitinda alifumbua macho. Katika chumba cha pili shangazi alikuwa akikanyaga cherehani, amebanwa na kazi ya mteja, na ukuta mzima ulikuwa ukivuma. Angeweza kunyamaza. Shangazi hushona karibu kila siku. Mama angeendelea kuwasikia nyuki wake, na lile neno la siku ya safari lingebaki zima.

Mama akashusha pumzi, kama mtu aliyeketi baada ya kusimama kutwa. Pumzi ile ndiyo iliyomshinda Kitinda.

"Mama, hiyo ni cherehani ya shangazi."

Aliirudisha simu sikioni.

"Nyuki wamekufa. Niliwawekea sukari, wakubwa wakaifuata. Ni mimi."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Wote?" mama aliuliza.

"Wote. Na wale wakubwa wasichukiwe, mama. Nao walikuwa na njaa, alizeti zimekauka." Alishangaa kusikia sauti yake ikiendelea. "Sasa utarudi? Ulisema uwakute."

"Nani alikwambia narudi kwa ajili ya nyuki?"

"Wewe hukusema lini. Ulisema hao tu."

Huko mbali sauti ya kikongwe ilimwita mama, kwa jina ambalo si lake. Ikaita tena, kwa kudeka, kama mtoto anayetaka maji. Kitinda alibana simu sikioni. Aliijua hali hiyo: sasa mama atasema tutaongea baadaye, akate simu.

Mama alijibu kwa lugha ya huko, neno moja. Hakukata.

"Sijui lini, mwanangu. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya," alisema. "Lakini sema. Alizeti zilikauka, halafu?"

Kitinda aliketi kitandani kwa mama, akaanza kusimulia.