Mukaba Uliofika Alunguli

Kila Jumamosi mchana, kabla ya mazoezi, Mwanvua alifumua magodoro ya klabu upande mmoja, akaongeza pumba za mpunga, akayashona tena. Pumba hushuka. Watu wakiangushana juu yake wiki nzima, godoro linakuwa bapa kama chapati na viuno vinaanza kukutana na sementi. Ndiyo maana klabu ilikuwa na karo ya namna moja tu: kila mwanafunzi alileta kikapu cha pumba kutoka kwenye mashine ya kukoboa, zile ambazo mwenye mashine alikuwa akizitupa mtoni Lualaba. Fedha haikupokelewa. Aliyekuja na fedha alirudishwa akatafute pumba.

Klabu hiyo ya judo waliianzisha wawili: Mwanvua, fundi wa cherehani, mjane, ulimi wake haujui kupumzika, na Anaclet, karani wa gari-moshi, aliyejifunza judo kule Lubumbashi. Kwenye karatasi Anaclet alikuwa Citoyen, yaani Raia, Amuri, tangu serikali ilipokataza majina ya ubatizo, lakini klabuni walimwita Maître, mwalimu, na mambo yakaisha. Walipata hangari, ghala la zamani la mawese, karibu na bandari. Mwenyewe, Mgiriki, alikuwa ameondoka wakati maduka ya wageni yalipogawiwa raia, na raia aliyegawiwa hangari aliuza mabati ya upande mmoja akaisahau. Ndani walikaa popo. Mwanvua alizoa kinyesi chao kwa koleo mpaka viganja vikachubuka, kisha akashona kimono za mazoezi kwa magunia ya unga. Baadhi ya wanafunzi walipigana na neno UNGA limeandikwa mgongoni.

Maître Anaclet alifundisha adabu kabla ya kuangusha. Mukaba, yaani ule mshipi wa kiunoni, haufuliwi, maana jasho lililomo ndilo miaka yako. Na mbele ya mukaba mweusi kila mtu anainama.

"Hatuinamie muntu," alikuwa akisema. "Muntu ni nyama tu. Tunainamia mukaba, juu mukaba njo kazi."

Maneno hayo yalipendwa sana. Mwanvua mwenyewe aliyapenda.

Sasa, binti yake Riziki ndiye aliyekuwa wa kwanza mjini Kindu kuushinda mukaba mweusi. Mtahini alitoka Kisangani, akamtazama akiwaangusha wanaume mmoja baada ya mwingine, mwishoni akavua saa yake, akasimama mwenyewe, naye akaangushwa. Aliinuka akiwa na pumba kwenye nywele, akasema binti amepita. Alimwachia Anaclet mukaba mmoja, umefungwa kwa karatasi ya kaki, akabidhiwe Riziki hadharani siku ya sikukuu ya Chama tawala. Bila mukaba huo Riziki asingepewa ruhusa ya kufundisha. Na alikuwa na wa kuwafundisha: ng'ambo ya mto, Alunguli, kulikuwa na wasichana waliokuwa wakijifunzia mchangani yale waliyoyachungulia kwenye mlango wa hangari. Kila Riziki alipovuka kwa mtumbwi kwenda kuuza maandazi, walimwuliza mukaba mweusi utavuka lini.

"Sikukuu ikipita," aliwajibu. "Nyie mujifunze kwanza kuinama. Munyooshe mugongo muzuri."

Wakajifunza kuinama.

Kabla ya sikukuu alikuja Citoyen Okito, mkuu wa Chama wa mtaa. Aliingia hangarini na viatu, akapita juu ya magodoro na viatu, akapenga kamasi kwa vidole katikati ya godoro na kuvifuta hapo hapo kwenye turubai. Wanafunzi walimtazama Maître. Maître alitazama dari.

"Mutoto mwanamuke avae mweusi, na mimi mukubwa wa Chama nivae nini?" Okito aliuliza. "Wageni wanatoka Kinshasa. Wataniona namna gani?"

Mwanvua alipofika Jumamosi na uzi wake, karatasi ya kaki ilikuwa sakafuni, tupu.

"Uko wapi mukaba wa mutoto?"

"Mama Mwanvua," Anaclet akasema, "tungefanya je? Hangari ni ya Chama."

"Hangari ilikuwa ya popo! Chama kilikuwa wapi nilipokuwa nazoa mavi? Maître, we ni mwanaume ama ni gunia?"

"Wataifunga klabu. Wote watakosa. Riziki iko kijana, atangoja."

Riziki alikuwa pembeni akiwafundisha wadogo kuanguka. Aliendelea kuwapigisha mikono chini, pa, pa, pa, na mama yake akasikia kinyaa kikimpanda kooni, cha Okito na cha Maître pamoja, kwa uzito ule ule.

Okito aliuvaa mukaba juu ya abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa tai. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umeongezeka urefu wa shubiri. Kufikia Ijumaa ulikuwa unaburuza. Mke wake, Aziza, mwanzoni aliukunja ndani ya beseni na kumfuata nao, baadaye beseni halikutosha, akaacha. Mukaba ukamfuata Okito wenyewe, mjini kote, kupitia mitaro, kupitia soko la samaki, kupitia pale wachinja mbuzi wanapomwaga matumbo. Uliokota magamba, kamasi, makohozi, mavi ya kuku, mafuta ya mawese yaliyochacha. Haukuoshwa, kwa sababu mukaba haufuliwi. Okito aliikumbuka kanuni hiyo vizuri kuliko wanafunzi wote. Ulitoa harufu ya kitu kilichokufia chini ya kitanda.

Kindu ilizoea. Wauza ndizi walipanga mafungu upande huu na upande ule. Waendesha baiskeli walijifunza kuuruka bila kushuka. Siku mukaba ulipolala juu ya reli, dereva wa gari-moshi la mizigo alisimamisha, akasubiri upite wote, akala muhogo wake, kisha akaandika sababu ya kuchelewa: mukaba. Mkuu wa stesheni akatia sahihi.

Na watu wakainama. Hilo ndilo lililomchafua Mwanvua roho kuliko uvundo. Okito alikuwa amemwita Anaclet mbele ya mkutano aeleze kanuni ya klabu, naye Anaclet akaieleza, neno kwa neno, kwa sauti ile ile nzuri: hatuinamii mtu, tunainamia mukaba. Ilikuwa rahisi sana. Hakuna aliyeona aibu, maana hakuna aliyemwinamia Okito. Mukaba ulipopita mlangoni, mtu aliweka chini alichoshika, akaziba pua kwa mkono mmoja, akainama, akaendelea na kazi yake. Mara nyingi Okito mwenyewe alikuwa ameshafika mtaa mwingine.

Siku moja ulipita mbele ya cherehani ya Mwanvua tangu asubuhi. Adhuhuri ulikuwa bado unapita. Mwanvua aliukanyaga kwa mguu mmoja, akachukua mkasi wa kukatia kitambaa kizito cha drili, akakata kipande cha kumtosha Riziki kiuno na mafundo. Jirani yake Élisabeth, muuza chumvi, aliinama kwa kipande kile kilichobaki barabarani, ambacho kilijiunga tena kikaendelea na safari.

"Umekata kidogo," Élisabeth akasema. "Ungemukatia na wa akiba."

Mwanvua alikipeleka kile kipande nyumbani. Akakisugua kwa majivu na sabuni ya mawese, kanuni ya kutofua akaitupa kwa jirani, maji yakatoka meusi, kisha ya kijani, kisha yakatoka na jino la mbuzi. Harufu haikutoka. Riziki alikishika kwa vidole viwili.

"Mama, huu aiko ule."

"Njo wenyewe! Nimeukata kwa mukono wangu."

"Ule nilishinda ungekuwa na harufu ya jasho ya mimi." Akakiweka mlangoni taratibu, na asubuhi kilikuwa kimeshaondoka kumfuata mwenziwe.

Sikukuu ilipokaribia, Okito alitangaza kwamba atakwenda na wageni Alunguli kufungua tawi la klabu. Tawi la wasichana. Maître Anaclet alikuja kwa Mwanvua asubuhi ya siku yenyewe na habari hiyo, uso unamng'aa kama aliyepaka mafuta.

"Unaona? Si nilisema atangoja? Wasichana watapata mahali. Tuko tu na kazi ndogo: mukaba unakuwa muzito, klabu yote itasaidia kubeba. Riziki iko na nguvu. Yeye atashika ku mwisho."

"Maître, toka kwangu."

"Mama Mwanvua..."

"Toka, nisikutapikie kiatu!"

Lakini Riziki alikwishavaa kimono yake ya gunia. Alifunga mukaba wake wa kahawia, akakaza fundo. "Wale watoto nimewaahidi," alisema. Mwanvua alitamani kumzaba kofi, akamfuata.

Wanafunzi waliubeba mukaba begani, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia ofisi ya Chama mpaka bandarini, nyuso wamezigeuza upande wa upepo. Wengine walitapika wakitembea na hawakuacha kutembea. Okito na wageni walipanda boti. Boti ikaondoka, mukaba ukalala juu ya Lualaba kutoka ukingo hadi ukingo, na wavuvi wakainua makasia kuupisha. Wabebaji wakafuata kwa mitumbwi, kila mmoja na sehemu yake. Riziki aliyeshika ncha alikuwa bado juu, mbele ya hangari. Alipofika majini, mukaba uliacha kusogea. Kule mbele walikuwa wameshafika.

Alisimama kwenye matope, ncha mkononi. Mwanvua alisimama kando yake.

Mto pale ni mpana, ila siku hiyo hewa ilikuwa safi juu ya maji, na upande wa pili walionekana wasichana wa Alunguli, wamejipanga mchangani kwa safu moja. Okito alipita mbele yao. Hawakumtazama. Walikuwa wanangoja kilichokuja nyuma yake, ambacho waliahidiwa. Mukaba mweusi ulipotoka majini ukaanza kupanda mchanga, waliweka mikono mapajani na kuinama wote pamoja, migongo imenyooka, bila hata mmoja kuziba pua.

"Wanainama muzuri," Riziki akasema.

Mwanvua alitema mate matopeni, mara ya kwanza, na ya pili, ladha ikabaki. Kutoka ng'ambo ulisikika wimbo wa Chama na makofi ya wageni. Baadaye mukaba ulianza kurudi na Riziki akarudi nyuma nao, hatua kwa hatua, akiuzuia usilegee.

Jumamosi wanafunzi walileta pumba kama kawaida. Mukaba ulikuwa umepita katikati ya hangari, mlango huu hadi ule, juu ya magodoro, kwa hiyo Mwanvua alishona upande wa kushoto kwanza, kisha akauruka, akashona upande wa kulia.