Mwizi Asiye na Lafudhi

"Na mimi nasema mwizi huyo hasemi 'mtoto yangu'!" Elinipa alishika kiuno katikati ya wasanii waliokuwa wakijipaka poda. "Richard, nani kakwambia wizi una lafudhi?"

"Mama Solo, ni utani tu. Watu watacheka."

"Watamcheka nani?"

Richard, mwongozaji wa kikundi, akatazama saa. Ng'ambo ya turubai Kaloleni nzima ilishakaa kwenye viti vya kukodi. Vijana hawa walikuwa wametangaza mtaa mzima kwamba wataigiza Kaloleni ya kweli, si ile inayosemwa mjini, ya vibaka kila kona. Elinipa akawaamini, akawashonea na nguo. Kumbe ukweli wenyewe ndio huu: Mchaga anayehesabu chenji, mama wa Kimeru anayelia mwanzo hadi mwisho, na mwizi Mwarusha anayevunja Kiswahili. Na nafasi ya huyo mwizi wamempa mwanawe Elinipa, Solomoni.

"Wewe, kuongea hivyo umejifunza wapi?"

Solomoni aliinama akijifanya anafunga kamba, na kandambili zake hazina kamba.

"Nyumbani," akajibu chini chini.

Tajeu, mumewe Elinipa, Mwarusha hasa, alikuwa mstari wa mbele na shati la pasi, kibanda chake cha maziwa amekifunga tangu asubuhi. Kiswahili alikipata ukubwani, baada ya Kimaa. Wiki nzima kila mteja aliambiwa: "Mtoto yangu ni msanii." Sasa akae pale asikie mdomo wake mwenyewe ukichekwa, tena na huyo huyo mtoto?

"Unataka kuyasema hayo mbele ya baba yako?"

"Sitaki, mama. Lakini nilishakubali."

"Bila lafudhi," Richard akadakia, "watu watajuaje kama huyu ndiye mwizi?"

Elinipa alicheka kwa pua. "Watajuaje! Aliyewauzia baba zenu watatu kiwanja kimoja alivaa tai, akaongea kama msoma taarifa ya habari. Bibi yako akamkaribisha na chai. Mmekulia ua mmoja, mkachota bomba moja na Wasomali, Wameru, Warangi, halafu mnatuigiza kama watu waliotupita na gari, vioo juu. Aibu hamna? Wasanii gani nyie, hata masikio hamna!"

"Mama Solo, muda umefika. Solo asipotoka, mwizi atakuwa nani?"

Elinipa alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameshakaa juu ya begi la nguo kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akavuta koti la Richard msumarini, akalivaa juu ya gauni, akafunga vifungo vyote.

"Nipishe."

Akasukuma turubai, akatoka hadi katikati ya uwanja.

"Habari za mchana, ndugu wananchi," alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka hadi watoto wakaacha kelele. "Poleni kwa kusubiri. Nimewaletea viwanja."