Kodi ya Watu Wawili

Mwaka ule wakimbizi walipotuzidi idadi Ngara, Nduwayo wa Murusagamba alilipia nyumbani, kwa jina hilo, nusu ya kodi ya maendeleo. Nusu iliyobaki aliilipa baada ya kuvuna maharage. Siku hiyo mkusanyaji alikuwa ameweka meza uwanja wa kanisa, Misa ilipokwisha, na kwenye uwanja wa kanisa mtu hutaja jina la kanisa. Akaandikwa Fideli.

Haikupita wiki, mgambo Kazimili akaja kudai nusu ileile. Akaondoka na mbuzi wao mwenye mimba.

Nduwayo na mkewe Theodosia walimfuata mbuzi hadi ofisi ya kata. Karani Emilian, kijana aliyekulia ugali wao, hakuwaamkia.

"Tumetozwa mara mbili, mwanangu," alisema Theodosia, akaweka stakabadhi zote mezani.

Emilian alizitazama, akacheka. "Nduwayo amelipa nusu. Fideli amelipa nusu. Wote wawili bado wanadaiwa. Shukuruni amechukuliwa mbuzi mmoja."

"Wawili wapi? Ni huyu huyu! Jina la Fideli alipewa na padri, la Nduwayo alipewa na mama yake."

"Basi turekebishe. Nduwayo namfuta, naandika ni mkimbizi, amehamia kambini. Fedha yake namwekea Fideli. Deni limekwisha, mbuzi wenu huyo nyuma."

"Mkimbizi? Amezaliwa hapa! Aliyevuka mpaka ni baba yake, kabla wewe hujajua kujipangusa kamasi!"

"Mama, mnataka mbuzi au mnataka jina?"

Theodosia alimshika mumewe mkono. "Mwache mbuzi. Mbuzi hununuliwa."

Nduwayo alisikia mbuzi akilia nyuma ya ofisi. "Jina halizai," alisema, akachovya dole gumba kwenye wino.

Mbuzi alizaa mapacha. Nduwayo akatembea kijiji kizima akisifia serikali inayosikiliza watu wake.

Mvua zilipoanza, walibeba mbegu kwenda shambani wakamkuta Kazimili na vibarua wawili wanapima kwa kamba katikati ya migomba.

"Mnapima nini shambani kwangu?" Nduwayo aliuliza.

"Kijiji kilimgawia Nduwayo shamba hili. Nduwayo ni mkimbizi, yuko kambini. Mkimbizi hana shamba. Nimegawiwa mimi."

"Nduwayo ndiye mimi!"

"Wewe ni Fideli, mzee. Dole uliweka mwenyewe. Kodi yako safi kabisa, hongera."

Vibarua wakacheka.

Theodosia alitua kikapu cha mbegu, akaketi udongoni, akanyoosha miguu. "Mimi ni mke wa Nduwayo," alisema. "Kamlete karani wako anifute na mimi."

Kazimili hakumgusa. Aliwaonyesha vibarua kwa kidole wapitishe kamba nyuma ya mgongo wake, wakaendelea kupima.