Fundi Hakuja Kazini

Mwalimu wa biashara aliueleza mchezo ule mara mbili, na bado Sindano hakuuelewa vizuri. Kila kundi lingefungua duka ndani ya kompyuta na kuliendesha raundi kwa raundi. Kundi litakalofanya vizuri kuliko mengine lingepewa chumba cha kando ya lango la shule, lifanye biashara ya kweli. Hilo la chumba ndilo alilolisikia. Baba yake, fundi viatu, alikuwa amefariki likizo iliyopita. Mwenye kibanda alichofanyia kazi alikuwa amekichukua, na vyombo vya kazi vya baba vilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mama, vimefungwa kwa shuka. Sindano alitaka pa kuvipeleka.

Kwa hiyo kundi lake likachagua kutengeneza viatu. Kompyuta ikauliza jina la fundi. Yeye ndiye aliyeshika kipanya, na fundi viatu aliyemjua ni mmoja tu, na jina alilomwita ni moja tu. Akaandika: Baba.

Redio, mvulana aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, alifungua mdomo atanie, kisha akaumeza utani wake.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji. Kijitu chenye aproni kiligongagonga viatu, wateja wakaingia na kutoka, na Sindano akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya skrini. Kisha yakatokea maneno mekundu: Baba ni mgonjwa. Hakuja kazini. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Subiri na Ajiri mwingine.

Akabonyeza Subiri.

Raundi iliyofuata, maneno yalikuwa yale yale. Akabonyeza Subiri tena. Wenzake walimwuliza kama ana mpango, akasema anao, ingawa hakuwa nao. Alijua fika kwamba ule ni mchezo. Kwa nini kidole kilimkatalia, hata yeye asingeweza kusema. Wateja walifika mlangoni, wakasimama kidogo, wakageuka. Mwalimu akapita nyuma yao, akatikisa kichwa, akasema duka likikosa wateja raundi moja zaidi litafungwa, na chumba wakisahau.

"Dada," Redio akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "huyo harudi. Hata ungoje mpaka kengele."

"Najua."

"Kama unajua, nipe mimi nibonyeze."

"Acha. Nitabonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Kijitu kingine, kwa aproni ile ile, kikakaa kwenye kiti kile kile, na wateja wakamiminika. Wenzake wakapigana mabega kwa furaha. Sindano akasogeza uso karibu na skrini, akamtazama kila mteja akiingia, akiweka kiatu, akitoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa kwanza yuko wapi.

Chumba wakakipata. Mwalimu alipomwuliza mbele ya darasa amejifunza nini, akajibu kwamba wateja hawakuuliza. Darasa likacheka. Mwalimu akakuna kidevu, akasema mchezo haukutengenezwa kwa mambo hayo, akaandika ubaoni kitu kuhusu kuajiri kwa wakati. Sindano akakinakili bila kukielewa.

Siku ya kufungua, mama alimsaidia kubeba vyombo hadi langoni, akageuka bila kuingia. Redio alipanga meza, akaipangua, akaipanga tena. Mteja wa kwanza alikuwa mpishi wa shule, ambaye miaka yote viatu vyake vilishonwa na baba. Aliweka ndala mezani, akaonyesha mkanda uliong'oka, akauliza itakuwa tayari lini.

Sindano akangoja. Mpishi naye akangoja, macho yake kwenye nyundo, midomo ikicheza kama mtu anayetafuta neno.

"Kesho mchana, mama mpishi," Sindano akasema mwishowe.

Mpishi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake peku. Sindano akaishika ile ndala, asijue kama alitaka kuulizwa, au kama angeweza kujibu.