Mkunga Aliyekwenda Kutazama Chui

Miaka thelathini na nne alizalisha wanawake wa mji ule, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Wodini alikuwa Mama Sukuma, kwa lile neno alilomwambia kila aliyekuwa na uchungu. Wazazi walimwita hivyo, waume zao wakaiga, na hata watoto aliowapokea kwa mikono yake, walipokua na kukutana naye njiani, walimwamkia, "Shikamoo, Mama Sukuma," bila kujua kwamba huenda neno hilo ndilo la kwanza walilolisikia duniani.

Alipostaafu, wenzake wa wodi ya wazazi walimlipia safari ya siku tatu kwenda mbugani, nafasi mbili, yeye na amtakaye. Mumewe alishukuru kwa dhati, kisha akasema mbuzi wanne na jogoo mkorofi aliokuwa nao nyumbani walimtosha kwa upande wa wanyama. Basi nafasi ya pili ikaenda kwa dada wa mume, mshona nguo mwenye maneno mengi kuliko nyuzi za mashine yake. Mawifi hao walikuwa wametaniana tangu ujana wao, na siku ambayo hawakutaniana watu wa nyumbani waliuliza nani anaumwa.

Ukweli ni kwamba kustaafu kulikuwa kumemkalia vibaya Mama Sukuma. Miezi miwili sasa aliamka kabla ya alfajiri kuwahi zamu ambayo haikuwepo. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Siku moja mumewe alimkuta amezikunja leso zake zote katika vipande vidogo vya mraba na kuvipanga juu ya trei, kama mtu anayengoja mzazi aletwe. Mume alichukua leso moja, akapenga kamasi, akaenda zake kwa mbuzi.

Kambi waliyofikia ilikuwa ya mahema makubwa yenye vitanda na mashuka meupe, na asubuhi ya kwanza waliwekwa kwenye gari la paa la kufunguka pamoja na mgeni mmoja, mzee wa ndevu nyeupe aliyetoka ng'ambo na kamera ndefu kama mkono wa mtu mzima. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni kabla ya kusafiri, nacho kilimtoka kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Habari za asubuhi, mabibi," alisema. "Mimi nimekuja kumtazama chui. Safari hii ni ya tatu. Safari mbili za kwanza, chui alinikataa."

"Pole, mzee wetu," alisema wifi. "Ukikataliwa mara mbili, ya tatu peleka mshenga."

Mzee aliwaza kidogo, akafungua kijitabu chake na kuuliza mshenga ni nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka ndevu zikatikisika.

Dereva wao, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwongozaji, alikuwa kijana mrefu mpole mwenye kofia iliyopauka kwa jua, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja. Aliwaonyesha pundamilia wakipumzisha videvu mgongoni mwa wenzao, na nyati waliowatazama kama wakaguzi wa tiketi. Ngiri mmoja alikatiza barabara mbio, mkia umesimama wima. "Huyo amesahau sufuria jikoni," alisema wifi.

Ilipokaribia saa tatu, redio ya gari ilikoroma. Mwongozaji wa gari jingine alikuwa ng'ambo ya mto, na juu ya mti mbele yake alikuwepo chui, amepandisha mzoga wa swala na anakula bila haraka. Mzee wa kamera alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mwongozaji aligeuza gari, wakaondoka kwa kasi, vumbi nyuma yao.

Walikuwa wamekwenda nusu ya njia walipopita kundi la twiga kando ya migunga. Mwongozaji hata hakupunguza mwendo, kwa kuwa tangu asubuhi walikuwa wameona twiga wengi mpaka wifi akaanza kuwapa majina.

"Simama kidogo, mwanangu," alisema Mama Sukuma.

"Mama, chui hangoji."

"Simama."

Ilikuwa sauti ya wodini. Mguu wa mwongozaji ulikanyaga breki kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Mama Sukuma alisimama kwenye kiti, akatoa kichwa juu ya paa. Alikuwa akimtazama twiga mmoja jike aliyejitenga na wenzake, hatua hamsini kutoka barabarani. "Yule ana uchungu," alisema.

"Uchungu wa nini?" aliuliza wifi. "Kaachwa?"

"Wa kuzaa."

Mwongozaji alichukua darubini. "Twiga huzunguka hivyo, mama, akihisi simba yuko karibu."

"Simba yuko wapi?"

Mwongozaji alitazama kushoto, kulia, akarudi kushoto. Simba hakuwepo.

"Sasa mtazame yeye," alisema Mama Sukuma. "Wenzake wanakula, yeye hali. Anatembea hatua chache, anasimama. Akisimama anatanua miguu ya nyuma na kuinua mkia, kisha anageuza shingo kujitazama ubavuni. Ngoja kidogo. Sasa anasimama tena. Haya, nani ana saa?"

Mwongozaji alikuwa nayo. Walingoja. Kati ya kusimama na kusimama zilipita dakika nne, halafu nne tena, halafu tatu.

Redio ilikoroma: chui bado yupo, magari manne yamefika, ninyi mko wapi? Mwongozaji alikishika kipaza sauti bila kujibu. Alimgeukia mzee wa kamera, kwa sababu ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Mzee alimtazama Mama Sukuma. "Bibi, una hakika?"

"Mzee wangu, mambo mengi ya dunia hii sina hakika nayo. Hili ninayo."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Alitazama upande wa mto, akatazama migunga, kisha akaketi. "Basi. Miaka sita nimemngoja chui. Leo angoje yeye."

Mwongozaji alizima injini. Kukawa kimya, wakasikia ndege na midomo ya twiga ikinyofoa majani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wasiongee kwa nguvu, na kwamba kwa hali yoyote ile mtu asishuke garini. Neno la mwisho alilisema akimtazama Mama Sukuma.

"Mbona unanitazama mimi?"

"Mikono yako, mama."

Ndipo Mama Sukuma alipoona kwamba alikuwa amekunja mikono ya sweta lake hadi viwikoni.

Nusu saa ilipita. Kisha chini ya mkia wa yule jike kilichomoza kitu cheupe, kikarudi, kikachomoza tena. Mama Sukuma alinyakua darubini ya mwongozaji bila kuomba. "Kwato," alisema, na uso wake ukabadilika. "Mbili. Jamani, katanguliza miguu. Mtoto amekaa vibaya."

"Hapana, mama," alisema mwongozaji, na sasa zamu ya kujua ilikuwa yake. "Twiga ndivyo wanavyozaliwa. Miguu ya mbele kwanza, kichwa kinafuata kikiwa kimelazwa juu yake. Nilisoma chuoni."

"Umeshaona?"

"Sijawahi. Miaka kumi na moja, sijawahi."

"Basi tunaona wote," alisema Mama Sukuma, akamrudishia darubini ili watazame kwa zamu.

Miguu ilitoka hadi magotini, ikakaa hapo. Jike alitembea nayo ikining'inia, akasimama, akatembea tena. Dakika kumi, ishirini. Mara ngapi Mama Sukuma alikuwa amefika hapa, njia imefunguka na mtoto amekwama, na kila mara alikuwa na la kufanya: kumgeuza mama, kumshika mkono, kumwita daktari, kumkemea, kumwombea. Sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, na kazi yake ilikuwa kutazama tu.

"Mwambie basi," alinong'ona wifi, ambaye kwa muda sasa hakuwa amefanya mzaha hata mmoja. "Mwambie lile neno lako. Mimi mapacha wangu uliniambia mpaka nikakuchukia."

"Twiga hajui Kiswahili."

"Wengine wodini mle hawakukijua, na walisukuma."

Midomo ya Mama Sukuma ilicheza. Wifi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliegemea dirisha na kunong'ona kwa meno yaliyoumana, "Sukuma, dada. Sukuma." Mwongozaji akadakia chini kwa chini. Na mzee wa kamera, akitafuta neno lake la heshima, akasema, "Tafadhali, sukuma."

Kichwa kikatoka. Kilikuwa kimelowa, masikio yamelala, macho yamefumbwa. Mabega yakafuata, na baada ya hapo kila kitu kilikwenda upesi. Mama Sukuma alinyoosha mikono miwili mbele yake hewani bila kujijua, viganja juu.

"Hakuna wa kumpokea," alisema.

Mtoto akaanguka. Alianguka kutoka juu kuliko kimo cha mtu, kichwa mbele, akajipinda, akagonga nyasi kwa kishindo kilichosikika hadi garini.

Wifi alifunika uso. "Kafa."

"Subirini," alisema mwongozaji haraka. "Kule kuanguka ndiko kunakokata kitovu, na ndiko kunakomfanya avute pumzi ya kwanza."

Mama Sukuma hakumsikia. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo kama alivyohesabu maelfu ya mara. Alifika kumi na tatu. Sikio moja likatikisika. Alifika kumi na tisa, ubavu uliolowa ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Anapumua," alisema, na machozi yakamtoka, yeye ambaye wodini alijulikana kwa macho makavu.

Mama twiga aliinamisha ile shingo yote akaanza kumlamba, kisha akamsukuma kwa mguu, si kwa upole sana. Mtoto alijaribu kusimama. Miguu minne ilikwenda pande nne. Akaanguka. Akajaribu tena, nyuma ikainuka, mbele ikakataa, akabaki kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda. Wifi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mara ya tano alisimama, akayumba, hakuanguka. Alianza kutafuta ziwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, akanyonya goti kwa bidii.

"Hata huyu anahitaji kuonyeshwa," alisema Mama Sukuma.

Ndipo walipokumbuka kumwangalia mzee wa kamera. Alikuwa ameshika betri mkononi na uso wake umejaa mshangao. Betri ilikuwa imeisha kichwa kilipotoka, na mtoto alianguka yeye akiwa ameinama anatafuta nyingine mfukoni.

"Mimi nina binti," alisema taratibu, akitafuta kila neno mahali pake. "Siku alipozaliwa, nilikuwa kazini. Sikuona. Leo nimekaa saa mbili, na tena sikuona."

Kisha yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa tumbo, na wote wakamfuata, wakijiziba midomo wasimtishe mtoto.

"Mzee wetu," alisema wifi akijifuta macho, "wajukuu unao?"

"Mmoja yuko njiani. Mwezi ujao."

"Huko nenda bila kamera."

Walibaki hapo hadi mtoto alipopata ziwa lenyewe. Mtoni walifika mchana, wakakuta mti na mfupa mmoja. Hakuna aliyeuliza chui alikwenda wapi.

Habari ilifika kambini kabla yao, kwa redio. Mezani jioni, waliomwona chui kwa saa nzima walikuja mmoja mmoja kuulizia twiga, na wifi akawasimulia, kila mara kimo cha kuanguka kikiongezeka, hadi Mama Sukuma akamkanyaga mguu chini ya meza. Msimamizi wa kambi alileta daftari ambamo waongozaji huandika walichokiona kila siku, akamwomba Mama Sukuma aandike yeye. Alivaa miwani, akafikiri, akaandika kwa mwandiko ule wa faili za wodi: *Mama: twiga, hali nzuri. Amejifungua saa tano na dakika kumi, njia ya kawaida. Mtoto mmoja, hakulia, amesimama baada ya dakika arobaini na mbili. Ananyonya.* Alipofika mahali pa kuandika mkunga alisita, kisha akaandika, *Hakuwepo.*

Mwongozaji alisoma juu ya bega lake. "Mama, wenzangu saba wamechukia," alisema. "Wamepita pale pale asubuhi, wakaona twiga tu. Wanaomba kesho, kabla hamjatoka, uwaeleze ulijuaje."

"Niwaeleze nini, mwanangu? Ninyi ndio mnaojua wanyama."

"Tunajua wakishazaliwa."

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, nyuma ya hema la jikoni, waongozaji wanane walikaa juu ya makreti ya soda, na mzee wa ng'ambo akaketi nao, kijitabu magotini. Mama Sukuma alisimama mbele yao, mikono ya sweta imekunjwa. Kwa kuwa hakukuwa na picha wala ubao, alimwita wifi yake awe twiga. Wifi alisema hajaona dharau kama hiyo tangu aolewe, kisha akatanua miguu, akarefusha shingo na kuanza kutembea hatua sita sita, huku akisimama kila mara na kujitazama ubavuni kwa huzuni kubwa mno.

"Tazameni hapo," alisema Mama Sukuma. "Hapo aliposimama. Nani ana saa?"

Mikono minane ikainuka.